Kenny Dalglish, kocha aliyewazika mashabiki wake

Tarehe 14 Juni 1974, mjini Dortmund, Ujerumani Magharibi, Leopards wa Zaire waliingia uwanjani kucheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia. Kabla yao hakuna timu ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika huko. Wapinzani wao walikuwa Uskoti, na katika safu ya mbele ya Waskoti alikuwamo kijana wa miaka 23 kutoka klabu ya Celtic, Kenny Dalglish. Uskoti walishinda 2-0 kwa mabao ya Peter Lorimer na Joe Jordan, yote mawili katika kipindi cha kwanza. Dalglish hakufunga, na mechi haikuisha akiwa uwanjani.

Wakongomani waliosikiliza redio siku zile wanakumbuka zaidi yaliyofuata, yaani mabao tisa ya Yugoslavia na matatu ya Brazil. Waskoti nao wana kidonda chao cha mashindano yale. Walitoka sare ya 0-0 na Brazil na ya 1-1 na Yugoslavia, wakamaliza kundi bila kufungwa mechi hata moja, na bado wakarudi nyumbani kwa sababu ya tofauti ya mabao. Bao moja zaidi dhidi ya Zaire lingewavusha. Kipa Kazadi Mwamba, ambaye wengi wanamtaja kwa aibu ya siku ya Yugoslavia, alikaa kipindi chote cha pili mbele ya Waskoti bila kufungwa tena. Kwetu hilo halisemwi vya kutosha.

Kwa wapenzi wa kabumbu wa Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu wanaovaa jezi nyekundu ya Liverpool kila Jumamosi, Dalglish ni jina la kwenye orodha ya magwiji: mechi 102 na mabao 30 kwa nchi yake, vikombe vitatu vya klabu bingwa Ulaya akiwa mchezaji, ubingwa wa Uingereza mara nne akiwa kocha. Hesabu hizo ni za kweli na ni kubwa. Lakini mtu anayemsoma kwa vikombe peke yake atakosa kuelewa kwa nini mji wa Liverpool unamheshimu kuliko makocha wengine walioshinda zaidi yake, na hataelewa pia kwa nini kazi yake ya mwisho iliharibika. Mambo yote mawili yana chanzo kimoja. Dalglish alikuwa mtu wa kusimama na watu wake. Mara moja tabia hiyo ilimfanya awe mkubwa kuliko kabumbu lenyewe, na mara nyingine ikamfumba macho.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1951 na kukulia katika mitaa ya wafanyakazi. Utotoni alikuwa shabiki wa Rangers. Inasimuliwa kwamba siku msaidizi wa kocha wa Celtic alipofika kwao kumsajili, Kenny alikimbia kubandua picha za wachezaji wa Rangers ukutani. Anayeujua upinzani wa Vita Club na Mazembe anaweza kupata picha, ingawa Glasgow kuna pia suala la dini, Wakatoliki huku na Waprotestanti kule. Chini ya Jock Stein, Mskoti mwingine aliyekuwa mchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa kocha, alijifunza kazi. Mwaka 1977 Liverpool walimnunua kwa pauni 440,000 ili achukue nafasi ya Kevin Keegan, aliyekuwa amekwenda Hamburg. Msimu haujaisha, Keegan alikuwa amesahaulika: bao pekee la fainali ya klabu bingwa ya mwaka 1978 dhidi ya Club Brugge lilikuwa la Dalglish.

Hakuwa na mbio nyingi. Alikuwa na macho, na alikuwa na mgongo: akipokea mpira akiwa ameligeuzia lango kisogo, beki alikuwa hana njia ya kuufikia. Yatosha kuhusu mchezaji.

Ukocha ulimjia katika wiki mbaya. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus kabla ya fainali, ukuta ukaanguka na watu 39 wakafa, wengi wao Waitalia. Mechi ilichezwa hata hivyo, na Dalglish alicheza. Siku iliyofuata alitangazwa kuwa kocha mpya akiwa na umri wa miaka 34, na bado mchezaji. Vilabu vya Uingereza vilifungiwa mashindano ya Ulaya, na Liverpool ikabeba aibu kubwa kuliko wote. Msimu wake wa kwanza alichukua ligi na Kombe la FA kwa pamoja, na bao lililoleta ubingwa, kwenye uwanja wa Chelsea, alilifunga yeye mwenyewe.

Mwaka 1987 alimleta John Barnes, mzaliwa wa Jamaika, katika klabu ambayo hadi wakati huo ilikuwa na wachezaji weusi wa kuhesabika. Barnes alirushiwa ndizi uwanjani, akajibu kwa miguu. Timu ile, yenye Barnes, Peter Beardsley na John Aldridge, ilicheza mechi 29 za mwanzo za ligi bila kushindwa na ikatwaa ubingwa wa 1988. Jambo hilo la Barnes liwekwe akilini, kwa sababu litarudi.

Kisha ikafika tarehe 15 Aprili 1989. Liverpool na Nottingham Forest walikuwa wakicheza nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Nje kulikuwa na msongamano kwenye milango michache ya kuingilia. Polisi wakafungua lango kubwa bila kuzuia njia ya kwenda kwenye vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Watu walibanwa kwenye uzio wa chuma mpaka pumzi ikakatika. Mwamuzi alisimamisha mechi saa tisa na dakika sita alasiri. Waliokufa wanahesabiwa leo kuwa 97, na wa mwisho alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Mtoto wa kiume wa Dalglish naye alikuwa amekwenda kutazama mechi, na kwa muda baba yake hakujua yuko wapi, mpaka alipomwona akitembea uwanjani akiwa mzima.

Kilichofuata hakimo katika kazi ya kocha, na hakuna shule inayokifundisha. Uwanja wa Anfield ulifunguliwa na watu wakaleta maua na skafu mpaka nusu ya nyasi ikafunikwa. Dalglish na mkewe Marina waliwapokea wafiwa, wakawapa chai, wakakaa nao. Wachezaji walikwenda hospitali na majumbani. Klabu ilipanga mazishi ya kila marehemu yahudhuriwe na mtu wa timu, na kuna siku moja ambayo Dalglish alikwenda mazishi manne. Alikuwa na miaka 38. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akipanga kikosi cha Jumamosi huku suti nyeusi ikimsubiri kwa ajili ya Jumatatu.

Halafu ulikuja uongo. Siku nne baada ya msiba gazeti la The Sun liliandika katika ukurasa wa mbele kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Mji uliliacha gazeti hilo, na hata leo kuna maduka huko yasiyoliuza. Mhariri wake, Kelvin MacKenzie, alimpigia simu Dalglish kuuliza afanye nini kurekebisha mambo. Kwa masimulizi ya Dalglish, alimshauri achapishe kwa herufi kubwa zilezile kwamba gazeti lilidanganya. Mhariri alisema haiwezekani, na mazungumzo yakaishia hapo. Inafaa kukumbuka kwamba kocha wa Uingereza anahitaji magazeti kama mkulima anavyohitaji mvua. Dalglish hakupima hilo.

Hapa nyumbani mambo haya hayapaswi kusomwa kama hadithi ya Wazungu. Mwaka 2008 mjini Butembo, mechi ya timu mbili za kwao iligeuka vurugu na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha, wengi wao vijana. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël jijini Kinshasa, Vita Club ilikuwa ikicheza na Mazembe. Polisi walirusha gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia malangoni, na tena zaidi ya kumi wakafa. Katika kila kasa iliyofuata watu walitaja idadi. Ni mashabiki wangapi wa timu hizo mbili wanaoweza leo kutaja jina moja tu la marehemu wa siku ile? Liverpool walihakikisha kwamba wafu wao wana majina, na kocha wao alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufanya hivyo, akiwataja watu kwa majina yao kaburini.

Familia ziliombwa maoni, na Liverpool ikaendelea na mashindano. Ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Everton 3-2, majirani wa mji uleule waliokuwa wakiomboleza pamoja nao. Siku sita baadaye ikapoteza ubingwa kwa Arsenal katika dakika za nyongeza za mechi ya mwisho. Mwaka uliofuata, 1990, ikautwaa tena. Kwa nje, kocha alikuwa mzima.

Ndani hakuwa mzima. Ngozi ilimtoka vipele, alichomwa sindano ili aendelee na kazi, na baadaye alieleza kwamba kichwa kilikuwa kama kinataka kupasuka. Februari 1991 Liverpool na Everton walitoka sare ya 4-4 katika Kombe la FA. Mara nne Liverpool walitangulia, na mara nne Dalglish alisimama kando ya uwanja akijua anachopaswa kubadilisha katika ulinzi, asiweze kutoa uamuzi. Siku mbili baadaye, tarehe 22 Februari, alijiuzulu. Timu ilikuwa inaongoza ligi.

Magazeti yalitafuta siri: ugomvi na wakurugenzi, fedha, kazi nyingine. Wachache walitazama kilichokuwa mbele ya macho yao. Mtu huyu, kijana wa miaka 19, alikuwa uwanjani Ibrox mwaka 1971 siku watu 66 walipokufa kwenye ngazi katika mechi ya Rangers na Celtic. Alikuwa Heysel. Alikuwa Hillsborough. Baada ya yote hayo alirudishwa kazini kama mtu aliyeugua mafua. Wataalamu wa kuwasaidia wafiwa waliletwa kwa ajili ya familia, na kocha hakujihesabu kuwa mmoja wa wanaohitaji msaada. Wanaume wa Glasgow wa kizazi chake hawakusema habari hizo, kama ambavyo wanaume wengi wa kwetu hawazisemi. Mwenyewe alikuja kusema kwamba alichohitaji ni mapumziko, na kwamba kama Liverpool wangemwita tena msimu ule wa joto angerudi. Hawakumwita. Walimchukua Graeme Souness, Mskoti mwenzake, na klabu ikakaa miaka 30 bila ubingwa, hadi 2020.

Bado wapo wanaosema kwamba alikimbia meli. Ni kauli nyepesi. Kocha aliyebaki miaka karibu miwili baada ya mazishi yale, akatwaa ubingwa katikati yake, hakukimbia kitu. Kosa lilikuwa la walioona ubingwa wa 1990 kama cheti cha daktari.

Oktoba mwaka huohuo wa 1991 alikubali kwenda Blackburn Rovers, timu ya daraja la pili katika mji mdogo wa viwanda uliofifia. Tajiri wa chuma Jack Walker, mwana wa mji huo, alikuwa ameamua kutumia mali yake kwa klabu ya utoto wake. Dalglish aliipandisha daraja mwaka 1992, akamsajili Alan Shearer kwa bei iliyovunja rekodi ya Uingereza, na baadaye Chris Sutton kwa pauni milioni 5. Msimu wa 1994-95 Shearer alifunga mabao 34 ya ligi. Siku ya mwisho Blackburn ilikwenda, ya ajabu yote, Anfield. Ilifungwa 2-1, lakini Manchester United ilitoka sare na West Ham, na ubingwa ukaenda Blackburn kwa mara ya kwanza tangu 1914. Mashabiki wa Liverpool walimshangilia kocha wa timu ya wageni. Hadi leo ni mmoja wa makocha wanne tu waliotwaa ubingwa wa Uingereza wakiwa na vilabu viwili tofauti. Watu walisema amenunua kombe. Fedha zilikuwapo, ni kweli. Lakini vilabu vyenye fedha ambavyo havijawahi kushinda chochote vinajaa kitabu kizima, na Kongo inavijua vya kwake.

Newcastle, kuanzia Januari 1997, haikuwa ya kujivunia. Alimaliza wa pili, akaifunga Barcelona 3-2, kisha timu ikashuka hadi nafasi ya 13 na kupoteza fainali ya Kombe la FA mwaka 1998 mbele ya Arsenal. Alifukuzwa baada ya mechi mbili tu za msimu uliofuata. Celtic nako alirudi kama mkurugenzi wa kabumbu na kumweka Barnes kuwa kocha. Jaribio hilo lilikufa Februari 2000, siku walipotolewa katika Kombe la Uskoti na Inverness, timu ndogo ya kaskazini. Dalglish aliishika timu kwa miezi michache, akachukua Kombe la Ligi, akaondoka. Miaka kumi ikapita bila yeye kukaa kwenye benchi.

Januari 2011 Liverpool walimwita. Klabu ilikuwa imebadilisha wamiliki, timu ilikuwa katika nusu ya chini ya ligi, na mashabiki walikuwa wakiimba jina lake wakati kocha mwingine, Roy Hodgson, bado amekaa pale. Dalglish aliituliza nyumba. Alimleta Luis Suárez kutoka Ajax, usajili mzuri sana, na Andy Carroll kwa pauni milioni 35, usajili ambao ni bora usizungumzwe. Februari 2012 alichukua Kombe la Ligi, taji la kwanza la klabu tangu 2006.

Lakini kati ya hayo kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika hawezi kuliruka. Oktoba 2011, katika mechi na Manchester United, Suárez alimtamkia Patrice Evra, Mfaransa mzaliwa wa Dakar, maneno kuhusu rangi yake, zaidi ya mara moja. Suárez alijitetea kwamba kwao Uruguay neno hilo ni la kirafiki. Tume ya chama cha kabumbu cha Uingereza ilisikiliza pande zote, haikukubali, na mwezi Desemba ikamfungia mechi nane na kumtoza pauni 40,000. Siku moja baadaye wachezaji wa Liverpool waliingia kupasha misuli Wigan wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya Suárez. Kocha aliunga mkono. Februari, Suárez alikataa mkono wa Evra mbele ya dunia nzima. Dalglish, alipoulizwa kwenye televisheni, alimkemea mwandishi badala ya kumkemea mchezaji. Kesho yake wote wawili walilazimika kuomba radhi.

Huyu ni mtu aliyemleta Barnes na kumsimamia. Hakuna sababu ya kumwita mbaguzi, na tahariri hii haimwiti hivyo. Kilichotokea ni kwamba aliona mtu wa nyumbani kwake anashambuliwa na watu wa nje, akafanya kilekile alichofanya mwaka 1989: akafunga mlango na kusimama mbele yake. Mwaka 1989 watu wa nje walikuwa waongo. Mwaka 2011 hawakuwa waongo. Aliyeumizwa alikuwa Evra, na hakuwa wa familia, basi hakuonekana. Mwaka 2019 Jamie Carragher, aliyekuwa mmoja wa wachezaji wa timu ile, alimwomba Evra radhi ana kwa ana kwenye televisheni na kukiri kwamba klabu ilikosea vibaya. Maneno hayo yalistahili kutoka mapema zaidi, na kwa mtu mkubwa zaidi. Kocha mwenye heshima ya Dalglish angeweza kuzuia fulana zile kwa sentensi moja.

Mei 2012, baada ya kufungwa na Chelsea katika fainali ya Kombe la FA na kumaliza wa nane, aliondolewa. Hakulalamika hadharani.

Miezi minne baadaye jopo huru lilitoa ripoti kuhusu Hillsborough. Ilionyesha kwamba polisi walikuwa wamebadilisha maelezo mengi ya mashahidi wao wenyewe ili lawama ziwaangukie mashabiki. Tarehe 26 Aprili 2016, baada ya uchunguzi wa mahakama uliochukua miaka miwili, raia waliokaa kusikiliza kesi waliamua kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Ilikuwa imepita miaka 27. Wazazi wengine walikuwa wamekufa wakingoja.

Mwaka 2018 Dalglish alipewa cheo cha Sir, kwa ajili ya kabumbu, kazi za hisani na huduma kwa mji wa Liverpool. Mwaka mmoja kabla, upande mmoja wa uwanja wa Anfield ulikuwa umepewa jina lake. Unatazamana na jukwaa kuu, ule upande wa benchi la makocha. Nyuma ya jukwaa hilo kuu, nje, kuna ukumbusho wenye majina ya watu wote 97 na umri wao, na watu huweka maua hapo hata siku zisizo na mechi.